Miguu Huvimba Angani

Njoro, Moshi
9 Juni 1996

Mdogo wangu Filbert,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila goti la kulia limeamua kuzeeka kabla yangu. Bado nashona sare za shule hapa barazani. Mashine haina habari kwamba nilistaafu ualimu.

Nakuandikia kwa ajili ya Kaka Melkior. Baada ya Pasaka kifua kilimlaza wiki sita. Sasa anatembea, anakagua migomba, anagombana na mbuzi, lakini amepungua. Koti la kanisani linamning'inia kana kwamba limetundikwa kwenye msumari. Jumapili iliyopita aliniita nyumbani Kibosho, akanikalisha uani, akasema maneno machache kama ilivyo kawaida yake: "Mwandikie mwenzio aje kabla ya Noeli. Nataka neno la kihamba."

Unajua maana yake. Kihamba, yaani nyumba ya baba na migomba inayoizunguka, huwa cha mtoto wa kiume wa mwisho, na wa mwisho ni wewe. Kaka alikuwa amekwisha kupewa shamba lake kule juu mlimani, akaliacha, akashuka kumtunza baba wewe ulipokwenda Kanada kusoma mwaka sitini na tatu. Miaka thelathini na mitatu amekaa pale kama mtu aliyemshikia mwenzake kiti. Wanawe wamekua. Theodory ameshateremsha matofali kando ya zizi, anataka kujenga, na baba yake anamwambia subiri, ardhi hii ina mwenyewe. Kaka anaogopa kufa kabla neno halijasemwa. Akifa hivyo, Theodory na Martin wataanza kwa kugombana na kivuli chako na watamalizia kwa kugombana wao kwa wao.

Kwa hiyo njoo. Na tafadhali, safari hii usiniandikie habari za miguu kuvimba. Barua zako za miaka mitano ninazo kwenye kopo la biskuti, na kila moja ina kiungo chake: masikio, magoti, kiuno. Nikiziunganisha napata mgonjwa mzima.

Dada yako,
Zita

&nbsp;

Edmonton
2 Julai 1996

Dada Zita,

Shikamoo. Nimefurahi Kaka kupona, na nimehuzunika kwa habari ya koti.

Umenikataza miguu, nami nitatii, lakini naomba unisikilize katika mengine. Dada, hujawahi kukaa ndani ya ndege saa tisa mfululizo, kisha ukateremka, ukasubiri saa saba kwenye kiti cha chuma, kisha ukapanda nyingine ukakaa tena saa nane. Niliwahi kupima: kutoka goti langu hadi kiti cha mbele ni vidole vitatu, na hivyo vitatu navyo hutoweka pale mtu wa mbele anapoamua kulaza kiti chake. Mkono wa kiti ni mmoja, wenye viwiko ni wawili. Safari moja jirani yangu alikuwa mzee wa Kijerumani aliyelala begani kwangu tangu wingu la kwanza. Nilimstahi kwa umri wake, nikakaa bila kugeuka kama kigogo cha kukalia wageni, mpaka alipoamka akanitazama kwa mashaka kana kwamba mimi ndiye niliyemfuata.

Chakula huja wakati huna njaa, na ukishaona njaa taa zimezimwa. Kila kitu kimefunikwa kwa karatasi ya bati isiyofunguka, na ikifunguka humwaga. Ukisinzia, kitoroli kinakugonga kiwiko. Ukiamka, mhudumu anakuuliza kama ungependa kulala. Kahawa yao nisingeitaja kwa mtu aliyezaliwa Kibosho. Halafu kuna jambo la saa: unapanda Alhamisi, unakula mara mbili, na hujui kama rozari unayosali ni ya Alhamisi au ya Ijumaa, wala kama ile nyama uliyokataa ulikuwa na sababu ya kuikataa.

Mwaka tisini na moja, ile safari iliyokwama Uholanzi kwa sababu ya ukungu, nilirudi hapa nikalala siku nne. Sasa nina miaka sitini na miwili.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi yenye muhuri wa mwanasheria. Inasema kwamba mimi, Filbert Massawe, nampa kaka yangu Melkior kihamba chote cha baba, nyumba, migomba na kahawa, yeye na wanawe. Neno limesemwa, na hakuna aliyelazimika kupanda ndege. Theodory ajenge.

Mdogo wako,
Filbert

&nbsp;

Njoro
28 Julai 1996

Filbert,

Marahaba. Barua yako nilimsomea Kaka uani, mkewe Lukresia akiwepo anamenya ndizi. Nilipofika kwa Mjerumani Kaka alicheka mpaka akakohoa, na Lukresia akaniambia niruke ukurasa. Nilipofika kwenye karatasi aliacha kucheka.

"Amesaini wapi?"

"Huko huko Kanada."

"Na ardhi iko wapi?"

"Hapa."

"Basi," akasema. Akaikunja karatasi ya mwanasheria wako mara nne, akainama, akaiweka chini ya mguu wa meza unaotikisika. Meza imetulia sana, umwambie mwanasheria.

Kisha akasema jambo ambalo nimeliwaza siku tatu kama nikuandikie. Alisema: "Mtu anayelalamikia kiti cha ndege, kigoda changu atakikalia? Kama ametukinai aseme. Asisingizie viti." Hakusema kwa hasira. Heri angesema kwa hasira.

Sasa nami nina langu. Mwaka ule wa ukungu, Agosti, tulikwenda uwanja wa ndege kukupokea. Kaka alivaa lile koti. Abiria walitoka mmoja mmoja, wakakumbatiwa, wakaondoka, naye akabaki amesimama kwenye uzio mpaka wafagiaji wakamwomba asogeze miguu. Alipokwenda kumtafuta dereva wetu, alinijia Yassin, mtoto wa jirani yangu Raya, ambaye hupakua mizigo pale. Akaniambia, "Mwalimu, hakuna shida yoyote iliyosemwa. Ndege imetoka Uholanzi imechelewa kidogo tu. Kwenye orodha yupo mmoja ambaye hakupanda."

Sikumwambia Kaka. Siku kumi baadaye ilikuja barua yako ya ukungu, nikamsomea kama ilivyoandikwa. Nilifundisha darasa la nne miaka ishirini na sita, Filbert. Namjua mtoto anayesema tumbo linauma.

Niambie kilichotokea. Sitauliza tena.

Zita

&nbsp;

Edmonton
19 Agosti 1996

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimekuwa nayo wiki nzima. Nimeandika majibu matatu na yote yalianza na habari za hali ya hewa.

Hakukuwa na ukungu.

Unakumbuka picha uliyonitumia, ile iliyopigwa Noeli ya mwaka tisini? Kaka na Lukresia wamesimama uani, wewe uko pembeni na mkono machoni kwa sababu ya jua, nyuma yenu nyumba ya baba na mabati mapya. Niliiweka ndani ya pasipoti nikasafiri nayo. Nilipofika Uholanzi nilikuwa na saa saba za kusubiri. Nikaitoa nikaitazama kwa kile kioo cha kukuzia ambacho nilikitumia miaka thelathini kazini, kwenye chumba cha ramani, kusoma majina madogo ya mito. Nilitaka tu kuona kama mwarobaini wa mama bado upo.

Nikaona masale. Mstari mzima, mapya, yamepandwa karibu karibu, yanaanzia kwenye njia ya kuingilia yanapita mbele ya nyumba. Upande huu yupo mpiga picha, upande ule mpo ninyi na nyumba. Mzungu angeona maua yenye majani marefu. Dada, mimi nawe tulichapwa viboko kwa kukanyaga mstari wa masale wa jirani. Tunajua masale hayapandwi kwa urembo. Ni mpaka, na mpaka ule haubishaniwi hata na mlevi.

Nikaelewa kwamba Kaka amenifungia nje. Wala sikumlaumu. Baba alikufa mwaka sabini na tisa, simu ya maandishi ikanifikia siku ya tisa, nikasema moyoni wameshazika, nitakwenda mwakani. Mwakani ikawa miaka kumi na miwili. Mtoto wa mwisho ndiye anayelala nyumba ya baba, ndiye anayesikia kikohozi chake cha mwisho. Hiyo kazi aliifanya Kaka mahali pangu. Nilipoona masale yale nilijiambia: ni haki.

Nikakaa. Wakaanza kupandisha watu. Wakaniita jina mara nne, kila mara wakilitamka vibaya kwa namna mpya. Sikuinuka. Kisha ndege ikazuiwa dakika arobaini, maana hawaruhusu sanduku kusafiri bila mwenyewe, na langu lilikuwa chini kabisa. Nilisimama kwenye kioo nikiwatazama wafanyakazi wakitoa mizigo ya watu kwenye mvua, mmoja mmoja, mpaka wakalifikia langu la kahawia. Kwenye vidirisha niliona nyuso zimejipanga zinatazama saa. Nimekuandikia mengi kuhusu kero za abiria wenzangu. Siku ile kero ilikuwa mimi.

Miguu huvimba kweli. Lakini siyo iliyonizuia.

Usimwambie Kaka, au mwambie. Nimechoka kuamua.

Filbert

&nbsp;

Njoro
14 Septemba 1996

Mdogo wangu,

Nimemwambia.

Nilipanda Kibosho siku ile ile niliyopata barua yako, na unavyoijua barabara yetu mvua ikinyesha, kilomita mbili za mwisho nilikwenda kwa miguu na fimbo. Nilichukua nakala yangu ya ile picha. Kaka alikuwa anaanika kahawa. Siku hizi wanunuzi binafsi wanakuja na mizani yao mpaka mlangoni, naye hawaamini, lakini anawaanikia vizuri ili wasipate la kusema. Nikamwambia aache, akae. Nikamsomea barua yako kuanzia pale pa picha hadi mwisho, sikuruka kitu.

Akaniomba picha. Akaitazama kwa mbali, kisha kwa karibu, akaigeuza kama kuna maandishi nyuma.

"Nani alipiga hii?"

"Adija, dada yake Yassin. Alikuwa na kamera ya mumewe."

"Alisimama wapi?"

"Nitakumbuka vipi, Kaka? Ni miaka sita."

Akainuka, akanishika mkono, tukaenda kutafuta aliposimama Adija. Tulizunguka ua wote kama watu wanaotafuta sindano, yeye akiinua picha mbele ya uso, Lukresia dirishani akiuliza kama tumeanza kulewa mchana. Mwishowe tukafika kule juu, kwenye kile kipande chenye mwinuko kando ya mfereji, alipopenda kukaa mama. Hapo picha ikakubali.

Filbert, hayo masale hayapiti mbele ya nyumba. Yanazunguka kile kipande cha juu. Adija alikuwa amesimama ndani yake, akapiga kuelekea chini, kwa hiyo mstari ukaonekana umetutenga sisi na nyumba. Wewe uliyekaa na ramani miaka thelathini ulisoma picha isiyo na kaskazini.

Na nikuambie kwa nini yalipandwa. Mwaka themanini na tisa Theodory alitaka kufyeka migomba ya pale juu apande nyanya za kupeleka mjini. Kila kijana alikuwa na biashara wakati ule. Kaka akamwambia hapana, hapo ni pa baba yako mdogo. Theodory akasema baba mdogo harudi. Asubuhi yake Kaka akachukua panga, akakata masale kwenye mpaka wa chini, akapanda mwenyewe pande zote nne, akawaita wanawe akawaambia: "Ndani ya hapa ni Filbert. Hata mbuzi wangu asivuke." Kuanzia siku ile hajavuka mtu, ila Adija na kamera yake, ambaye si Mchagga na hakuna aliyemwambia.

Ulikuwa umesimama ndani ya uzio wako, mdogo wangu, ukadhani uko nje.

Kaka alikaa juu ya jiwe, akafuta macho kwa mgongo wa mkono uliojaa maganda ya kahawa. Nilidhani atakasirika. Akasema, "Miaka mitano nimedhani anatudharau. Kumbe anatuogopa." Kisha akapumua kama mtu aliyetua tenga, akasema, "Afadhali."

Usiku huo Lukresia ananiambia alikula sahani mbili.

Sasa sikiliza. Kwa desturi, aliyekosa huja na isale, jani moja la masale, mkononi, na aliyekosewa hawezi kukataa kusamehe. Kaka anasema mwenye kosa ni yeye, kwa kuwa alipanda na hakukupa habari. Mimi nasema ni wewe. Njoo tuamue.

Dada yako,
Zita

&nbsp;

Edmonton
7 Oktoba 1996

Dada,

Shikamoo. Nimekata tiketi. Nafika tarehe 13 Desemba, Ijumaa, jioni. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye theluji ya kwanza, nje ya posta, na mtu akaniuliza kama nimepata habari mbaya.

Nikamwambia bado naitafuta iliyo mbaya.

Filbert

&nbsp;

Uwanja wa ndege, Uholanzi
13 Desemba 1996, asubuhi

Dada Zita,

Shikamoo. Najua barua hii itafika baada yangu. Naiandika ili mkono uwe na shughuli.

Kutoka Kanada nimekuja nimebanwa kati ya mama mwenye mtoto mchanga na kijana mwenye mabega ya mbeba magunia. Mtoto alilia mpaka katikati ya bahari, kisha akanishika kidole akalala, na mimi nikakosa namna ya kufungua ile karatasi ya bati kwa mkono mmoja. Yule kijana akanifungulia. Ikamwaga. Nyuma yangu kulikuwa na mguu, sikuuona mwenyewe, uliokuwa ukinipiga kiunoni kila nilipokaribia kusinzia, kwa utaratibu kabisa, kama saa ya kanisa. Masikio yameziba. Soksi moja imebaki ndani ya ndege kwa sababu ambazo sizijui. Ingekuwa mwaka jana ningepata humo barua nne.

Nimekaa karibu na mlango. Wamebadilisha viti, vya sasa ni vya buluu na vigumu zaidi. Picha ninayo, lakini sikuitoa.

Nikuambie kweli, hofu haijakwisha. Nilidhani ukinieleza habari ya masale itaondoka yote. Imeondoka ile ya kufukuzwa, imebaki ya kupokewa. Nitasema nini kwa Kaka? Kichagga changu kimekuwa cha kitabuni, na watoto wa Theodory watacheka. Nimezoea kutafuta maneno kwenye kabati la ramani. Pale uani hakuna kabati.

Wameanza kuita. Hawajafika kwenye jina langu, lakini nimeshasimama, wa tatu kwenye mstari. Mama mmoja mbele yangu ananiambia bado muda upo, mzee, kaa. Nimemwambia nimekaa vya kutosha.

Filbert

&nbsp;

Edmonton
26 Januari 1997

Dada yangu,

Shikamoo. Nimefika salama. Sanduku halijafika, liko mahali fulani duniani na ndizi kavu za Lukresia, na yeyote atakayelifungua atajua mimi ni mtu wa wapi.

Mengi uliyaona mwenyewe. Uliona nilivyotoka kwenye uwanja nikakupa mkono kama mgeni wa serikali kwa sababu sikujua nifanye nini kingine, mpaka uliponivuta. Uliona asubuhi yake, pale njia panda, ulivyolisimamisha gari ukachuma isale kwenye mpaka wa watu ukanishikisha. Nilishuka nalo. Naye Kaka alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua ndani ya lile koti, ameshika la kwake. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua nani aanze. Tukasimama kama makarani wawili, kila mtu na hati yake, mpaka uliposema, "Badilishaneni basi, pombe ya mbege inatungoja." Nitakushukuru kwa hilo maisha yangu yote.

Lakini hukuona yaliyofuata, kwa sababu ulikwenda jikoni. Kaka alinikalisha kwenye kigoda. Nikajaribu kuvua viatu, havikutoka. Akainama, akavuta kimoja, akavuta cha pili, akaitazama miguu yangu kama anayekagua ng'ombe wa kununua. Ilikuwa kama mihogo. Akaibonyeza kwa kidole, shimo likabaki.

"Kumbe kweli," akasema.

"Nilisema."

"Ulisema. Sikuamini." Akamwita Lukresia alete beseni, maji ya moto na chumvi. Akakaa mbele yangu, magoti yetu yakagusana, akaniambia: "Haya, nieleze na huyo Mjerumani." Nikamweleza upya, kwa Kichagga changu kibovu, naye akanisahihisha neno moja moja. Tulipomaliza Mjerumani tulikuwa tumeshazungumza saa nzima. Yale niliyoogopa kukosa maneno yake hayakuhitaji maneno. Habari ya baba aliniambia mwenyewe, bila kuulizwa, miguu yangu ikiwa majini: alikula nini siku ya mwisho, alilalamikia nini, na kwamba aliniuliza mara moja tu, akaambiwa niko masomoni, akasema vema.

Neno la kihamba ulilisikia mbele ya wote. Nyumba na migomba ya chini ni ya Kaka na wanawe, na Theodory aliyaangalia matofali yake kama mtu aliyefunguliwa kifungoni. Nilisema pia kwamba kipande cha juu nacho wachukue. Uliona Kaka alivyokataa kwa kutikisa kichwa tu. Kesho yake alinipeleka huko, sisi wawili. Tukafika kwenye masale, akapita pembeni ili nivuke kwanza. Nikavuka. Yeye akabaki nje akingoja.

"Pita basi, Kaka," nikamwambia.

"Nilikuwa nasubiri mwenyewe anikaribishe," akasema, akavuka, akaanza mara moja kunilaumu kuhusu magugu.

Safari ya kurudi nilikaa karibu na choo saa nane. Mlango ulifunguka na kufungwa, nilihesabu mpaka mara sitini nikaacha. Sina la kulalamika. Miguu imevimba, nimeiweka kwenye beseni wakati ninaandika, lakini chumvi ya huku haifanyi kazi vizuri.

Mdogo wako,
Filbert

&nbsp;

Kibosho
16 Machi 1997

Filbert,

Nakuandikia mwenyewe. Zita alitaka kuniandikia nikamwambia mkono ninao.

Sisi wazima. Kifua kimya. Theodory amefika kwenye madirisha. Yule mbuzi mwenye pembe moja amezaa mapacha. Mnunuzi wa kahawa alikuja na mizani, nikampandisha Martin juu yake kwanza kuona kama inasema kweli. Ilisema uongo wa kilo tatu. Akaondoka bila kuaga.

Ninalokuandikia ni hili. Jumamosi ilikuwa siku ya kusafisha mfereji kabla ya masika. Unajua utaratibu: kila mwenye shamba linalopata maji lazima awepo na jembe lake, na msimamizi husoma majina. Msimamizi sasa ni Elifuraha, mwana wa yule fundi wa mizinga ya nyuki, anasoma kwa sauti kubwa kama padri. Mwaka huu nilikwenda kwake mapema nikamwambia kwamba vihamba vyetu ni viwili, kila kimoja na maji yake, aandike hivyo. Akaandika.

Akasoma: Melkior Massawe. Nikasema, nipo. Akasoma wengine. Akasoma: Filbert Massawe.

Watu wakatazamana. Vijana hawakujui, na wazee walikuwa hawajalisikia jina hilo pale tangu uhuru. Zamani waliponiuliza habari zako nilikuwa najibu, alihama.

Nikasema, "Amesafiri."

Elifuraha akaniuliza anarudi lini, maana daftari linataka jibu. Nikamwambia zamu hii atakushikia Theodory, ya Desemba utalima mwenyewe. Akaandika, tukaingia majini.

Kipande chako kina mita kumi na nane za mfereji, na matope ni ya magotini. Njoo na viatu vinavyotoka.

Kaka yako,
Melkior